Mwaka Nilioshika Kamba

Mwezi uliopita nilivuka kwenda Pemba kwenye akika ya mtoto wa Hamad na Maryam, na kabla sijamaliza kuvua viatu mlangoni Hamad akawatangazia wageni wote waliokaa barazani: "Huyu ndiye Rukia. Huyu ndiye aliyeshika kamba." Wageni waliitikia kwa adabu, kama watu wanavyoitikia wakitajiwa cheo wasichokijua lakini wanachodhani kina mshahara. Mzee mmoja akaniuliza ni kamba za makumbi au za nailoni. Nikamwambia ni hadithi ndefu. Akasema yeye hana safari, na pilau halijaiva.

Sikumsimulia, maana nilivutwa ndani kumbeba mtoto. Lakini nilipokuwa nimekaa na mtoto yule, ana uso wa Hamad na tabia ya mama yake ya kutazama watu kama anawapima, nikakumbuka kwamba kushika kamba ndiyo ajira ya kwanza niliyopewa tangu nimalize chuo kikuu. Na nilipopewa nilinuna wiki nzima.

Ulikuwa mwaka niliorudi Wete na shahada ya takwimu, nikiamini barua ya ajira iko nyuma yangu kwenye boti inayofuata. Haikuwamo kwenye hiyo wala kwenye nyingine. Asubuhi nilibishana na redio, mchana na watu. Nilikuwa mtu wa kuuliza. Niliuliza kwa nini mgeni aambiwe "karibu chakula" hali sufuria limeshaoshwa na limekaushwa. Niliuliza kwa nini mtu akipiga chafya wakati wa mazungumzo ichukuliwe kuwa yaliyosemwa ni kweli, na nikapendekeza tufanye majaribio. Watu walinikwepa kwa heshima. Basi Hamad aliponisimamisha mbele ya duka la vipuri vya pikipiki alikokuwa akiuza, akaniambia kuna mchezo anauanzisha nyumbani kwa Bi Mize na anahitaji watu wenye kufikiri, nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Sababu ya mchezo ule, naisema mapema ili msomaji asije akawa kama mimi, ilikuwa Maryam. Maryam alifundisha watoto wadogo skuli, alikuwa mpole wa kusema kwa kuhesabu maneno, na Hamad alimpenda kiasi cha kushindwa kumwambia "umeamkaje" bila kuangalia viatu vyake mwenyewe. Mtaa mzima ulijua. Ilijulikana pia kwamba kuna watu wa Mkoani watakaoleta posa karafuu zikishauzwa, na kwamba babake Maryam hana sababu ya kuwakataa kama hapana mwingine aliyebisha hodi. Ili Maryam aruhusiwe kukaa alasiri nzima chumba kimoja na Hamad, ilihitajika nyumba ya mtu mzima anayeheshimiwa, mlango wazi, na mwanamke wa pili. Mwanamke wa pili nilikuwa mimi. Nilikuwa msaidizi kabla sijachagua kazi yoyote, na mimi mwuliza maswali sikuuliza kwa nini nimealikwa. Nilidhani ni kwa ajili ya akili yangu.

Ukumbi wa Bi Mize naukumbuka kuliko bweni nililolala miaka yote ya chuo. Kulikuwa na kabati la vioo lenye sahani za maua ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzilia chakula, feni iliyogonga kila ikizunguka kama mtu anayetaka kukumbusha jambo, na dirisha la mtaani ambako karafuu zilianikwa majamvini hadi harufu yake ikaingia kwenye chai. Bi Mize alitufundisha sote hesabu za darasa la pili, na ingawa alikwisha kustaafu, bado alitutazama kama tuna madaftari ya kusahihishwa. Tulikaa mkekani, yeye akakaa kwenye kiti chake, na Hamad akafungua kitabu alichokuwa amekichapisha stesheneri huko Dar es Salaam, cha mchezo aliojifunza kwa wenzake wa hosteli.

Mchezo wenyewe, kwa ufupi, ni kukaa chini na kuongopeana kwa utaratibu. Mmoja anasimulia, naye alikuwa Hamad: kuna pango, kuna joka, kuna mfalme mlafi. Wengine kila mmoja ni mtu ndani ya hadithi, anasema anachofanya. Pakiwa na shaka kama jambo litawezekana, linarushwa dadu lenye pande ishirini. Namba kubwa ni heri, ndogo ni shari. Na kabla ya kuanza, kila mchezaji anachagua kazi.

"Mpiganaji!" akapiga ukelele Khatib, ambaye alikuwa na shahada ya uhasibu na bodaboda, na hakuwa amesubiri kuelezwa kazi nyingine ni zipi.

"Mimi," akasema Maryam polepole, "huyu anayetoa moto kwenye vidole."

"Huyo ni mchawi," Hamad akauambia mkeka.

"Astaghfirullah," akasema Bi Mize kutoka kitini. "Nchawi hapa kwangu hapana. Hata wa kuchezea. Watu wa Unguja wakisikia watasema, si tulijua!"

"Basi tumwite mwanachuoni," akasema Khatib.

"Mwanachuoni anatoa moto vidoleni?"

"Inategemea ni nani umemkasirisha."

Bi Mize alimtazama hadi akarudi kuwa wa darasa la pili. Tukakubaliana aitwe Fundi. Kisha Bi Mize akaliona dadu, akalichukua, akaligeuza kama mtu anayekagua embe. Akauliza kama ni kamari. Hamad akaapa hakuna kinachowekwa wala kuliwa. Akauliza kama ni ramli. Hamad akaapa tena. "Sawa," akasema. "Lakini katika nyumba yangu nitalirusha mie. Likiwa na dhambi, nitajua tangu mwanzo." Na hivyo ndivyo ilivyokuwa msimu mzima: kila lililotupata, hata kuruka shimo, lilitoka mkononi mwa Bi Mize. Na Bi Mize alikuwa na vipenzi vyake. Namba asiyoipenda alisema "hiyo haikukaa vizuri," akarusha tena.

"Bi Mize, haiwezekani," nilimwambia siku ile ya kwanza, takwimu zote zikinipanda kichwani. "Hiyo si bahati. Huo ni upendeleo."

"Na bahati isiyo na upendeleo, mwanangu, weye uliiona wapi?"

Kabla sijajibu, Hamad akaniambia imebaki kazi moja tu: tabibu. Tabibu hapigani. Anakaa nyuma, anawafunga wenzake majeraha, anawaombea heri.

"Kwa nini mimi?" nikauliza. "Kwa sababu ni mwanamke?"

"Maryam pia ni mwanamke, na anataka kuchoma watu."

"Basi kwa nini?"

"Kwa sababu ulikuwa unabishana wakati wenzako wanachagua."

Niliomba kuwa mpiganaji wa pili. Khatib akasema hapigani upande mmoja na mtu atakayemwuliza adui maswali. Niliomba kuwa mwizi. Bi Mize akakohoa. Kila mlango ulifungwa, na nikajiona nilivyo: msomi asiye na kazi, anayepewa hata kwenye ndoto kazi ya kusubiri wengine waumie. Nikaamua kulipiza. Nikawaambia sawa, nitakuwa msaidizi, lakini kazi yangu nitaibuni mwenyewe, na nikabuni ile niliyodhani ni ya upuuzi kuliko zote duniani. Nikasema mimi ni mshika kamba.

Mtu wa Pemba hahitaji kuelezwa. Kwa asiye wa kwetu: tuna mchezo wa ng'ombe. Dume hufungwa kamba ndefu, zumari likalia, wanawake wakaimba, na kijana mwenye shuka akaingia uwanjani kumchokoza. Macho yote yako kwa kijana na kwa pembe. Lakini kamba ile ina watu wanaoishika, na sijapata kumsikia mtu akirudi nyumbani na kusifu walivyoshika. Wakichelewa kulegeza, mchezo hauna ladha. Wakichelewa kuvuta, mchezo una msiba.

"Lakini ile kamba ni ya ng'ombe," akasema Hamad.

"Hii yangu namfungia mtu."

"Kwa nini?"

"Nani kakwambia ng'ombe ndiye mwenye kuhitaji kuzuiwa?"

Khatib akacheka hadi akamwaga chai. Hamad, ambaye kwenye mambo ya kubuni hakuwa mwoga hata kidogo, alifikiri kidogo akaipa kamba yangu kanuni mbili. Ningeweza kuvuta, nikamtoa mwenzangu kabla pigo halijamfikia. Au ningeweza kulegeza, mwenzangu akapata nafasi ya pili na dadu likarushwa upya. Kupiga, hata panya, nisingeweza.

Tulicheza kila Jumatano baada ya Alasiri. Maadui walikuwa karafuu zilizopangwa mkekani. Adui akifa Khatib alimtafuna, akidai ni dawa ya jino lake bovu, na vita vikubwa vilimwacha na ulimi uliokufa ganzi, akitoa amri ambazo hakuna aliyezielewa. Nami nilivuta sana. Khatib alikuwa akiingia kila pango kifua mbele bila kuuliza ndani kuna nini. "Navuta," nilisema. "Bado sijafanya kitu!" "Ndiyo maana navuta." Alilalamika kwamba amefungwa kama mbuzi wa Idi. Ila jioni moja joka lilipopita pale alipokuwa amesimama, likakuta kamba tu na yeye hayupo, alinisogezea kileja cha mwisho. Vile vileja, biskuti za unga wa mchele, Maryam ndiye aliyevileta, kila Jumatano, ndani ya kopo la maziwa, vingali vya moto.

Maryam kwenye mchezo alikuwa mtu mwingine. "Nawachoma," alisema kwa sauti ileile ya kuwaambia watoto wafungue madaftari.

"Wote?" Hamad aliuliza.

"Wote."

"Na huyu aliyepiga magoti anaomba amani?"

"Huyo kwanza. Ananitazama vibaya."

Hamad alikuwa na sauti ya kila mtu. Alikuwa joka, alikuwa bibi kizee wa msituni, alikuwa kadhi mla rushwa aliyekufanya utake kumtupia kandambili. Kisha Maghrib ilikaribia, Maryam akajifunga mtandio na kusema "haya, kwaherini," na yule mwenye sauti mia akajibu kwa kichwa. Niliyaona hayo yote. Niliyaona kila wiki na sikuyajumlisha. Nilikuwa nahesabu mara ngapi Bi Mize amerusha dadu upya.

Nilikuja kujumlishiwa jikoni. Karafuu zilikuwa karibu zote zimekauka, na nilikwenda nyuma kuchukua birika. Bi Mize alikuwa akikaanga bajia na jirani yake Bi Asha, na nilipofika mlangoni nikasikia:

"Wa Nkoani wanakuja Ijumaa ya wiki ijayo. Washatuma salamu."

"Na huyu wa kwetu?"

"Huyu wa kwetu husema na majoka tu."

"Si yupo Rukia? Hamsaidii?"

"Rukia kasoma mno, masikini. Hajui kitu."

Nilisimama pale na aibu yangu. Bi Mize akageuza bajia, akaniona, wala hakushtuka. "Ingia mwanangu. Tunakusengenya."

Nikaingia. Nikauliza nani, nikauliza tangu lini, nikauliza kwa nini Hamad hatumi wazee wake tu kama watu wote. Bi Mize akanieleza kwa subira ya darasa la pili: Hamad hatatuma wazee kwenye nyumba asiyojua kama atapokelewa, maana wazee wakirudi na aibu hawatumwi tena, na hawezi kujua kama atapokelewa bila kuuliza, na kuuliza ndiko kusikowezekana, kwa sababu kila akifungua mdomo mbele ya Maryam unajaa unga. Bi Asha akaongeza kwamba Ijumaa ikishapita, imepita.

"Na Maryam mwenyewe," nikauliza, "anataka nini?"

Bi Mize akaweka kijiko chini. "Haya. Sasa ndiyo umeuliza." Akanitazama. "Ntu anayeamka kuoka vileja kila Jumatano kwa ajili ya nchezo wa majoka, weye na takwimu zako, waona anataka nini?"

Jumatano iliyofuata, ya mwisho kabla ya Ijumaa ile, mtaani walikuwa wanatia karafuu magunia. Hamad alikuja na shati lililopigwa pasi. Khatib akamwuliza kama joka la leo ni la serikalini. Maryam aliweka kopo la vileja katikati, hakula. Nami nikaelewa mara moja kwamba Hamad amekusudia jambo, kwa sababu alianza hadithi bila pango wala joka. Alisema tumefika Kisiwa cha Moto, milango ya ngome imefunguliwa, na mtoto wa mfalme anashuka ngazi na askari wake, anakwenda moja kwa moja mpaka mbele ya Fundi wa Maryam.

"Anamwambia," akasema Hamad, na hapo sauti ikakatika. Feni ikagonga. "Anamwambia..."

"Anamwambia nini?" akauliza Khatib.

"Anamwambia kuna upepo leo."

"Kashuka na jeshi zima kuja kusema kuna upepo?"

Hamad alikuwa anatokwa jasho ndani ya shati lile la pasi. Bi Mize, bila kuombwa, akarusha dadu ili ijulikane kama mtoto wa mfalme ataweza kusema alilojia. Dadu likaonyesha mbili. Hakuna aliyecheka. Maryam alikuwa anaangalia kopo la vileja kama limeandikwa kitu.

"Nalegeza kamba," nikasema.

Hamad akanyanyua macho. "Huwezi. Huyu si mwenzenu, ni mtu wa hadithi."

"Kanuni inasema mwenzangu yeyote niliyemfunga."

"Na umemfunga lini?"

"Tangu wiki iliyopita. Hukuuliza."

Nimebishana maishani mwangu kuhusu mambo mengi, mengi yakiwa hayana maana kwa mtu yeyote, lakini sijapata kubisha kama nilivyobisha siku ile. Nikasema kitabu hakikatazi. Nikasema kisichokatazwa kimeruhusiwa. Nikasema kama ni kanuni, basi kitabu kinasema wapi kwamba dadu lirushwe na mwenye nyumba? Khatib, ambaye naamini hakujua tunabishania nini, alisema "mwachie, yakhe, kamba ni yake." Hamad akamsogezea Bi Mize dadu. Bi Mize akarusha. Moja.

"Haikukaa vizuri," akasema Bi Mize, akarusha tena kwa nguvu za mtu anayefukuza kuku. Dadu likaruka mkeka, likagonga mguu wa kabati la vioo, sahani za maua zikalia, na likapotelea chini yake. Kabati lile lilihitaji wanaume wanne kulinyanyua. Tukalitazama. Bi Mize hakuinama hata kidogo.

"Ishirini," akasema.

Khatib akanigeukia mimi. Wote wakanigeukia mimi, kwa sababu ilikuwa zamu yangu, kila mtu alijua, kusema kwamba haiwezekani.

"Hujaliona," nikasema, kwa mazoea.

"Nimelisikia."

"Ishirini," nikasema.

Hamad akavuta pumzi. Hakutumia sauti ya mtoto wa mfalme wala ya mtu mwingine yeyote. Alisema, akiuangalia mkeka, "Anauliza kama wazee wake wakija, watarudishwa." Kisha akashika kitabu chake kwa mikono miwili kama mtu aliye kwenye boti.

Maryam alichukua kileja, akakikata nusu, akakiangalia ndani.

"Fundi anamwambia mtoto wa mfalme," akasema, "kwamba kwao mtu hajiposei. Wazee waje Alhamisi, kabla ya Ijumaa, baada ya Alasiri. Hawatarudishwa." Akala ile nusu. "Na wasije na habari za upepo."

Nilimsikia Bi Mize akimshukuru Mungu chini chini.

"Haya," akasema Khatib, "na joka la leo je?"

"Mchome," akasema Maryam.

Wazee walikwenda Alhamisi. Barua yangu ya ajira ilikuja baadaye, nikahamia Unguja, ambako nafanya kazi ya kuhesabu vitu na kuuliza kwa nini haviwiani. Kabati liliondolewa siku ya harusi ili wanawake wapate pa kukaa, na Khatib ndiye aliyeliokota dadu. Nimemwuliza kila nilipoonana naye lilikuwa limeonyesha ngapi. Kwenye akika nikamwuliza tena. "Ishirini," akasema, na jino lake bovu halikuwapo.

"Umeling'oa?"

"Nimeng'olewa. Kuna daktari wa meno mpya Wete. Yule pale, Dokta Suleiman. Mtu mwema. Hana mtu."

Nikamwona: mwanamume mrefu mwenye miwani, amesimama uani karibu na masufuria, amepewa sinia la kupeleka barazani na hajui baraza liko wapi. Maryam, akimchukua mtoto mikononi mwangu, akaniambia kwamba mwakani wanataka kuanza mchezo tena, Jumatano, kwa Bi Mize, na daktari yule ameomba kuingia. Bi Mize, ambaye sasa anatembea na mkongojo lakini dadu bado hamwachii mtu, aliwekewa kiti uani, mahali ambapo hapana kivuli na hapana sababu ya mtu kuwekewa kiti, isipokuwa kwamba unaona kila kitu.

Daktari akaja kuniuliza njia ya barazani. Nikamwonyesha. Hakwenda. Akasema amesikia habari za mchezo, na kama kazi hazijaisha angependa ile ya kusaidia.

"Kwa nini?" nikamwuliza. "Unaijua? Nani alikwambia? Unajua kwamba hutaruhusiwa kupiga hata panya?"

Alifungua mdomo kujibu. Sinia likainama, akalinyoosha. Akanitazama, akatazama viatu vyake.

"Kuna upepo leo," akasema.

Mwiko ukasimama ndani ya pilau. Khatib akaanza kukagua ukuta kana kwamba anataka kuununua, na nyuma yangu nikasikia Maryam akimwambia mtoto, polepole, "Nalegeza." Nikamgeukia Bi Mize. Mkono wake ulikuwa umekunjwa juu ya mkongojo, na kuna kitu alikuwa amekishika ndani yake.

Nikatazama juu. Minazi ilikuwa imesimama kama imechorwa, na moshi wa jikoni ulikuwa unapanda moja kwa moja. Nilikuwa na ushahidi wote.

"Upo," nikamwambia.